Keki za Bi Tunu

Gari ni la mama. Ubavuni, kwa rangi ya waridi iliyochujuka:
KEKI ZA BI TUNU. TUNAPAMBA, TUNAFIKISHA.
Alitukabidhi funguo usiku wa Alhamisi, Temeke,
akahesabu kwa vidole vyenye unga:
siku nane. Jumamosi ya pili kuna harusi Sinza,
keki ya ghorofa nne.
Msipofika, msirudi.

Tukang'oa rafu za trei, tukaingiza godoro,
jiko la mafuta ya taa, dumu la maji, kilo sita za mchele,
na juu ya paa, kwa mipira ya tairi, mbao mbili.
Wa kwanza Nassoro aliununua kwa mzungu aliyekuwa akihama Masaki.
Wa pili tuliuunda wenyewe
kwa mlango wa friji bovu na faiba ya fundi boti,
mzito, ukiutazama sana unatafuta mpini.

Kwenye pantoni mlinzi alinusa dirishani:
"Mmebeba vanila?"

Gwakisa ni mtu wa Tukuyu.
Bahari aliijua kwenye kalenda ya benki.
Nimekuja kupika, alisema, sikuja kufa.
Kimbiji, usiku wa kwanza, alilala na jaketi la kuokolea
ndani ya gari, hatua mia kutoka majini.
"Maji ya kwetu," akanong'ona gizani, "yanapita na kwenda zake.
Haya yanakwenda halafu yanarudi. Yamesahau nini?"

Asubuhi wimbi lilinikataa mara kumi na moja.
Nilihesabu. Linakunyanyua kama mtoto wa jirani,
linakukagua uso, linaona hamna undugu,
linakubwaga. Mchanga mpaka kwenye magego.
La kumi na mbili
nilisimama.
Sijui nisemeje. Labda hivi:
kwa muda wa kutamka bismillahi na kuimaliza
sikuwa nadaiwa na mtu.

Kisha barabara ya kusini, na lile jina ubavuni.
Ikwiriri mama mmoja alitusimamisha kwa kanga:
ya kicheni pati mnafanyaje?
Nangurukuru trafiki akanyoosha kidole juu ya paa.
"Na hizi mbao?"
"Za kukatia keki, afande."
Alicheka hadi akalisahau tairi la nyuma.
Kilwa Masoko kabinti ka miaka tisa hivi, gauni limefungwa fundo,
kaliuomba mlango wetu wa friji,
kakasimama jaribio la kwanza.
Nilikapigia makofi. Makofi yenye wivu, lakini makofi.

Lindi klachi ikagoma.
Siku mbili gereji, chini ya bati, fundi anatuita wajomba,
hela ya mafuta inaingia kwenye boksi lake la spana.
Msimbati, tuliyokuwa tumeichora kwenye kadibodi ya kuwekea keki,
mstari mwekundu hadi mwisho wa nchi,
ikabaki kwenye kadibodi.
Gwakisa akaitumia kupepea mkaa.
Mama akapiga. "Mko wapi?"
"Karibu."
"Karibu na nini?"

Tulirudi usiku kucha, zamu kwa zamu,
Mbagala Rangi Tatu alfajiri, foleni haisogei,
na mimi nimeshika usukani, magoti yamekunjwa,
mwili bado unasubiri kitu kiuinue kwa nyuma.

Tuliosha gari mara tatu. Nne, ukihesabu ya Nassoro.
Keki ikafika Sinza imesimama.

Jumapili simu. Mama akaweka spika.
Shangazi wa bwana harusi: ametafuna kitu, kimelia kama kioo.
"Sukari ya mawe," mama akasema, "ndiyo mtindo sasa." Akakata.

Hakutufokea. Alitoka nje, akafungua mlango wa nyuma,
akapitisha kidole kwenye pembe ya sakafu,
akakiweka ulimini, macho yamefumbwa,
vile anavyoonja krimu.
"Mchanga wa wapi huu?"
"Kilwa."
Akafikiri kidogo.
"Chumvi imezidi."